Je, wajua kwa nini mbaazi nyingine hukataa kuiva?

Zimelala majini usiku kucha, zimechemka tangu alfajiri, mahamri yashapoa, na ukiibonyeza moja bado inakugomea kidole. Kosa la nani?

Kwa miaka mingi mimi nilikuwa na jibu tayari: la aliyetia chumvi mapema. Bibi yangu alisema chumvi huzifunga mbaazi, nami nikamhubiria kila aliyesogelea sufuria. Siku moja nikamlaumu shemeji mbele ya wageni. Akanitazama, akasema, "Shemeji, chumvi sijatia bado." Zilikuwa ngumu kama kokoto, na chumvi ingali kabatini.

Kumbe mambo ni kinyume. Chumvi kwenye maji ya kulowekea huyalainisha maganda.

Ukipita Mji wa Kale wa Mombasa penye ukuta uliobambuka utaona mawe ya matumbawe na chokaa katikati. Mbaazi imejengwa hivyohivyo: seli ndiyo mawe, na chokaa yake huitwa pektini. Kuiva ni ile chokaa kulegea, mawe yakaachana bila kuvunjika. Ndiyo maana mbaazi iliyoiva husagika ulimini. Sasa, kinachoikaza pektini ni kalsiamu. Chembe ya kalsiamu ina mikono miwili: mmoja unashika uzi huu wa pektini, wa pili unashika uzi wa jirani. Sodiamu iliyomo kwenye chumvi ina mkono mmoja tu. Ikikalia nafasi ya kalsiamu, inashika uzi mmoja na yule jirani anabaki hana wa kumshika. Basi tia kijiko kikubwa cha chumvi kwa lita ya maji, loweka usiku kucha, mwaga, suuza. Chumvi inayotiwa wakati wa kuchemsha ni habari nyingine. Matokeo yake si yaleyale kila mara, kwa hiyo hapo siapi.

Kinachofunga kweli ni uchachu: ukwaju, ndimu, nyanya. Nadhani ndipo chumvi iliposingiziwa, maana mara nyingi huingia sufuriani pamoja na nyanya. Viache mpaka mbaazi ziive, ndipo utie. Tui halina neno, ila kasimile, lile tui zito la kwanza, hungoja mwisho kwa sababu zake lenyewe.

Magadi nayo hufanya kazi, tena haraka, kwa kuwa ni kinyume cha uchachu na pektini haiyastahimili. Lakini huharibu vitamini B1, na ukizidisha kidogo unakula sabuni.

Yapo pia maji. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya kisima hupita humo yakibeba kalsiamu. Chokaa iliyoshika mawe ya Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa 1593, hupatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Kwa hiyo ukiloweka mbaazi kwa maji ya kisima, unazipiga lipu.

Na hata kwa maji mazuri, mbaazi iliyokaa gunia miezi mingi katika joto na unyevu wa pwani huwa ngumu. Maelezo yanayotajwa zaidi ni kwamba ndani ya punje kuna fitati, ghala linaloshikilia kalsiamu na magnesiamu. Joto na unyevu hulivunja taratibu, na madini hayo huhamia kwenye pektini. Huenda si sababu pekee, wapo wanaotaja pia mabadiliko mengine kwenye kuta za seli. Duka ambalo mbaazi hazikai ndilo la kununua.

Kama una kisima tu, angalia ndani ya birika. Ule ukoko mweupe ni chokaa iliyojitenga maji yalipochemka. Chemsha maji, yaache yatuame, chota ya juu, ndiyo ulowekee. Ila kisima kilicho karibu na bahari, chenye maji ya munyu, hakitakubali ujanja huo: madini ya bahari hayatoki kwa kuchemsha. Hapo nunua mtungi wa maji ya bomba. Shemeji ndivyo afanyavyo, na mbaazi zake siku hizi sizisemi.