Bonsai si aina ya mti

Jumamosi iliyopita nimelisikia tena kosa hili la kuita mche mdogo bonsai. Nilikuwa kwenye kitalu kimoja cha kandokando ya barabara, upande wa Mikocheni, Dar es Salaam, nafuata mboji. Dada mmoja akafika, funguo za gari mkononi, akauliza: "Mtini bonsai mnao?" Kijana akainama, akanyanyua kiriba chenye mche wa mtini wa majani manne. "Huu hapa mama. Hauendi juu huu, ni bonsai orijino." Dada akalipa, akauweka siti ya mbele na kuufunga mkanda kama mtoto. Sikutaka kuingilia biashara ya mtu, nikanyamaza. Lakini nimerudi nalo Sinza, na bado liko moyoni.

Maana yenyewe ni fupi. Bonsai ni mti wa kawaida uliopandwa kwenye chombo bapa, ukafinyangwa kwa mkono miaka na miaka, kwa kupogoa matawi, kupunguza mizizi na kuongoza shina kwa waya, mpaka ukaonekana mti mzima uliozeeka, ila kwa kimo cha kukaa mezani. Basi. Hakuna mbegu ya bonsai. Zile pakiti zinazouzwa mtandaoni zina mbegu za msonobari au za mti mwingine wa kawaida, na ukiziotesha ukaziacha zitakutolea msonobari wa kawaida, mrefu kupita paa.

Sasa tuje kwenye neno, maana tatizo lote limelala humo.

Ni neno la Kijapani lenye vipande viwili. Bon ni chombo bapa chenye ukingo mfupi. Sai ni kupanda. Wajapani walilipokea kutoka kwa Wachina, ambao kwa maandishi yale yale husoma penzai. Na China jambo hili ni la kale: kwenye kaburi la Li Xian, mwana wa mfalme wa enzi ya Tang, lililojengwa mwaka 706, kuna mchoro ukutani wa wahudumu waliobeba vyombo vyenye vijiwe na vimea vidogo. Ni zaidi ya miaka 1,300 sasa.

Ukiniuliza bon ni nini kwa Kiswahili, sitasema chungu. Nitasema sinia. Fikiria sinia la pilau: pana, bapa, ukingo wa vidole viwili. Hilo ndilo umbo lake. Na kuna jambo hapa linalonifurahisha kila nikilikumbuka. Sinia tumelitoa kwenye Kiarabu, siniya, na siniya asili yake ni kitu cha Sin, yaani cha China, kwa kuwa vyombo vizuri vya mezani vilitoka huko. Kwa hiyo bonsai ilipotoka China ikapita Japani mpaka kufika kwetu, ilikuta Kiswahili kina chombo chake tayari, chenye asili ile ile. Mti wa siniani. Kama mtu angelitafsiri hivyo mapema, nusu ya mkanganyiko huu usingekuwepo.

Tena Wajapani wana neno jingine, na ndilo wauzaji wetu wanalihitaji bila kujua. Chungu chenye kina wao hukiita hachi, na mmea wowote wa kawaida uliopandwa chunguni huitwa hachiue. Waridi la ukumbini ni hachiue. Mti wa mpira wa ofisini ni hachiue. Zamani hata miti ya kutunzwa waliyoipanda kwenye vyombo vyenye kina waliiita hachinoki, mti wa chunguni, kabla jina la bonsai halijashika. Wenye neno lao wenyewe wametenganisha chungu na sinia. Sisi tumelichukua la sinia tukalibandika kwenye kiriba.

Wengine hulitamka banzai. Hilo ni neno tofauti kabisa, maana yake miaka elfu kumi, nalo hupigwa kama kelele za kushangilia, mikono juu. Bonsai ni kwa o na s.

Najua maneno hubadilika yakisafiri. Kariakoo ilikuwa Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, na leo anayeshuka Kariakoo kununua vitenge hapotei kwa sababu ya asili ya jina. Lakini hili la bonsai linapoteza watu. Mtu akiamini udogo umo ndani ya mche, hataupogoa, hatagusa mizizi, atauweka sebuleni karibu na runinga na kungoja. Mtini hautaki sebule, unataka jua. Baada ya miezi majani yanaanguka, shina linarefuka likitafuta dirisha, na mwenye mti anasema amedhulumiwa.

Kinachochanganywa hapa ni vitu vinne, na kila kimoja kina jina lake. Kibeti ni mti ambao ufupi umo kwenye vinasaba vyake. Hata ukiupanda shambani unabaki mfupi. Mche wa kubebesha ni ule ulioungwa kitawi cha mti mwingine, kama miembe tunayonunua izae mapema. Nimeona ikiandikwa "embe bonsai", na si kweli, ule ni mwembe na utakuwa mwembe. Kudumaa ni ugonjwa au njaa. Bonsai ndicho cha nne, na si kimoja kati ya hivyo vitatu. Kinachoniumiza zaidi ni hicho cha kudumaa, watu wanaposema bonsai ni mti ulionyimwa chakula. Mti wa siniani hulishwa na kunyweshwa kuliko wa shambani, kwa sababu hauna pa kwenda kujitafutia. Washington, Marekani, kuna msonobari mweupe wa Kijapani ulioanza kutunzwa hivi mwaka 1625. Ulikuwa Hiroshima bomu lilipoanguka mwaka 1945, ukapona, na mwaka 1976 familia ya Yamaki iliyokuwa nao ikautoa zawadi kwa Wamarekani. Mti wenye njaa hauishi hivyo.

Anayetaka ushahidi kwamba bonsai haibadilishi mti wenyewe, namwelekeza kwenye mtini huu huu, mtini wa tini za kula. Linnaeus, yule Mswidi aliyepanga majina ya kisayansi ya mimea, aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Ficus carica, kwa kumbukumbu ya Karia, nchi ya kale iliyokuwa kusini-magharibi mwa Uturuki ya leo. Si mkuyu, ingawa ni ndugu: mti aliopanda Zakayo ni mkuyu, na majani waliyoshona Adamu na Hawa ni ya mtini. Na si ule mmea wa madukani wenye mizizi iliyovimba kama mihogo. Ule ni ndugu yao wa Asia, na tini zake si za kula.

Mtini wangu mimi unasimama sentimita 45 toka kwenye sinia. Majani yake nimeyapunguza, maana jani la mtini likiachwa linapita kiganja changu. Njia ni kulikata jani likiwa zima na kuacha kikonyo tu. Kikonyo hukauka, baada ya siku kadhaa hudondoka chenyewe, na chipukizi lililolala kwapani mwake huamka na majani madogo zaidi. Nimerudia hivyo, pamoja na jua la kutosha na kubana ncha za matawi mara zinapofungua jani la pili au la tatu, mpaka sasa jani kubwa halizidi kidole changu cha kati. Lakini tini? Tini imekuja saizi ile ile ya shambani. Imekaa kwenye kitawi chembamba kama balbu ya taa kwenye uzi. Jani linapungua kwa mkono wa mtu, tunda halisikii. Na nikikata kitawi kutoka mti huo huo nikakichomeka ardhini, kitaota mtini wa mita kadhaa, kama vile hakijawahi kuliona sinia.

Jambo la pili ambalo yule kijana angepaswa kujua: bonsai haianzi kwa udogo, inaanza kwa ukubwa. Mche ukiingia kwenye chombo kidogo ukiwa na majani manne, shina lake litabaki kama penseli miaka nenda rudi. Wangu niliuacha ardhini, nyuma ya tenki la maji, ukimbie utakavyo miaka minne. Uliponenepa kama mkono wa mtoto ndipo nikaukata ukabaki na kimo cha shubiri moja. Jirani alinitazama kwa huruma. Lakini shina nene lililokatwa chini, likatoa matawi mapya membamba, ndilo linalodanganya jicho kwamba ni mti wa miaka mia.

Kukata mtini kuna adabu yake. Katikati ya tawi kuna kiini laini, na ukikata jirani kabisa na chipukizi, tawi hukauka kurudi nyuma mpaka chipukizi nalo linakufa. Acha kipande kidogo juu yake, kikikauka utakisafisha baadaye. Jeraha kubwa lizibe, maana mbao ya mtini ni laini na huoza kwa ndani. Waya funga kwenye matawi machanga yanayoanza kukomaa. Likishakuwa gumu tawi linavunjika, na mtini unavyonenepa haraka, waya uliosahaulika unazama kwenye gamba. Na utomvu ule mweupe, usiuache kwenye ngozi ukiwa juani. Mimi nilipogoa mchana wa Januari bila glovu. Kesho yake mkono ulikuwa na malengelenge, na alama ya kahawia ilikaa miezi.

Hapa ndipo sinia linaporudi, kwa sababu halikuchaguliwa kwa uzuri tu. Chombo kadiri kinavyokuwa kifupi, ndivyo udongo wake unavyobaki umelowa hadi karibu na juu baada ya kumwagilia. Maji hayana kina cha kushukia. Ndiyo maana udongo wa shamba hauwezi kazi hii. Ukiuweka humo wakati wa masika, mizizi inaoza. Mimi natumia tofali la kuchoma lililopondwa na kuchekechwa, vumbi likatupwa zikabaki punje kama za mchele, mkaa uliopondwa, na mboji kidogo. Matundu ya chini nayafunika kwa vipande vya wavu wa dirishani. Mchanga wa pwani sitii, una chumvi. Udongo wa namna hii unakauka haraka, basi Januari na Februari namwagilia asubuhi na jioni. Kila mwaka kabla ya masika nautoa, napunguza mizizi, naurudisha, maana mizizi ya mtini hujaa sinia upesi kuliko miti mingi.

Hiyo kazi ndiyo jina. Ukiiacha miaka miwili mitatu, mti utapasua chombo au utakufa humo.

Kwa hiyo dada yangu, ikiwa mche wako bado uko hai, usiutupe na usirudi kumgombeza kijana. Alikuuzia mtini mzuri, jina tu ndilo alilokosea. Utoe kwenye kiriba, upande ardhini penye jua au kwenye ndoo kubwa iliyotobolewa, uuache unenepe. Kwa sasa uite mche wa mtini. Na wewe mdogo wangu wa kitaluni, mteja akikuuliza bonsai, mwambie, "Bonsai sina mama, ila nina mtini unaoweza kuwa bonsai, ukiutunza." Atanunua tu.

Mimi wangu, pamoja na miaka yote hiyo, wageni wakiuliza nawajibu ni mtini wa siniani.