Pua ya Pinocchio haikuanza na uongo

Wiki haipiti kabla mzazi hajanifuata kwenye rafu za watoto: "Mwalimu, nipatie Pinocchio, huyu wangu amezidi uongo." Nampa. Ila nikiambiwa tena kwamba Carlo Collodi alitunga kitabu kizima ili watoto waache kudanganya, eti kwa kuwa pua ya kikaragosi wake wa mbao, Pinocchio, hurefuka akisema uongo, nafunga maktaba naenda zangu.

Pua ile inarefuka kwanza sura ya 3, fundi Geppetto, "baba" wa kikaragosi, akiichonga, na mdomo wa kusemea uongo bado haujakuwepo. Kila akiipunguza, inazidi. Sura ya 5 inarefuka kwa njaa: kikaragosi anakimbilia chungu kinachofuka mvuke, kumbe kimechorwa ukutani. Uongo unasubiri mpaka sura ya 17.

Halafu someni sura ya 19. Pinocchio kaibiwa sarafu 4 za dhahabu, kaenda kushtaki. Hakimu, gorila mzee, anamsikiliza kwa huruma, kisha anamfunga yeye aliyeibiwa, miezi 4. Ukitoka msamaha wa wafungwa, mlinzi anamzuia: msamaha ni wa wahalifu, wewe humo. "Hata mimi mhalifu," anasema Pinocchio, na mlango unafunguliwa. Pua? Imetulia tuli. Hayo ndiyo mafunzo ya kusema kweli? Mtu aliyeandika hivyo alikuwa mwanahabari wa Florence, Italia, mwanzilishi wa gazeti la dhihaka, Il Lampione, mwaka 1848, mwaka uleule aliokwenda vitani kwa kujitolea dhidi ya Austria. Mahakama na serikali alizijua vizuri.

Mengine nayapitia haraka. Collodi si jina la ukoo. Aliitwa Lorenzini, na Collodi ni kijiji cha mama yake huko Toscana. Disney hakumbuni Pinocchio: filamu ni ya 1940, mwandishi alifariki 1890. Nyangumi wa kwenye filamu, anayewameza, kitabuni hayumo kabisa. Ni papa mkubwa, mzee, mwenye pumu, analala mdomo wazi, ndiyo maana Geppetto na Pinocchio wanatoka kwa miguu yao. Na yule nyenje mshauri mnayempenda kwenye filamu, kitabuni anapigwa nyundo sura ya 4, anafia ukutani.

Kuhusu mwisho mtamu: hadithi ilitoka gazetini kwa vipande, na Oktoba 1881 Collodi aliifunga sura ya 15, Pinocchio kanyongwa, ananing'inia kwenye mti wa mwaloni. Ilibidi aombwe ndipo aendelee hadi sura 36, kitabu kikatoka 1883. Hiyo ya 15 wasomeeni mchana, si wakati wa kulala.