Vijiti vinene vya drams ndio vinatoa sauti kubwa? Si lazima

Wengi tunaamini ukipanda stejini lazima ushike vijiti vinene ndio drams zisikike, na inaeleweka, maana kijiti kizito kweli kinagonga kwa nguvu. Ila kasi ya mkono nayo ina mchango mkubwa sana, ukipiga vizuri hata kijiti cha saizi ya 5A, ambayo unene wake huwa kama milimita 14 na kidogo, inasikika freshi tu, na drams zikiwekewa maiki fundi mitambo anaongeza sauti mambo yanaisha. Sasa wewe chukua 2B, saizi nene zaidi ya karibu milimita 16, kama hujaizoea mkono unachoka mapema kasi inapungua na sauti inashuka nayo. Halafu ncha tunaisahau, ya nailoni inafanya matoazi yalie makali kuliko ya mbao.

Jaribu mwenyewe, weka simu irekodi kutoka nyuma ya ukumbi, piga wimbo uleule na saizi mbili, kisha mtu akuchezee rekodi hizo bila kukwambia ipi ni ipi. Na kabla hujanunua viviringishe juu ya meza, kinachoyumbayumba kimepinda hicho (mimi nilishabeba pea bila kuangalia, nikajuta wiki nzima).