UPS ya 650 si ya kukesha nayo

Kwenye magrupu ya wenye steshenari hapa Dodoma kuna ujumbe usiochoka kuzunguka: nunua UPS (kisanduku chenye betri kinachoshikilia kompyuta umeme ukikatika) ya VA 650, umeme ukikatika utachapa kazi mpaka urudi. Si kweli, tuache kuusambaza. Kuchanganyikiwa kunaeleweka, maana kwenye pawabenki namba kubwa ni chaji nyingi. Lakini kwenye UPS, VA ni mzigo wa vifaa inaoweza kubeba kwa mara moja, si chaji. Muda unatoka kwenye betri, na nyingi za ukubwa huo zina betri moja tu ya volti 12, Ah 7 (Ah ndiyo kipimo cha chaji). Kompyuta na skrini zikila Wati 150, una dakika kumi hadi ishirini za kuhifadhi kazi na kuzima. (Printa ya leza isichomekwe humo kabisa.) Unabisha? Hifadhi kazi zako, chomoa UPS ukutani, tazama saa. Betri iliyochoka itakata mapema zaidi.