Supanova si nyota mpya

Kinda wa miaka 17 kafunga bao lake la kwanza, na mtangazaji redioni kapandisha sauti: "Huyu ni supanova, nyota ndiyo kwanza inazaliwa!" Nimeyasikia haya mara nyingi nikanyamaza. Juzi yamenishinda.

Supanova ni mlipuko unaoimaliza nyota. Ama nyota kubwa imeishiwa fueli kiiniini, ikajiporomokea na kufumka, ama masalio ya nyota iliyokwisha kuzimika yamelipuka yote. Nova ya kawaida ni mlipuko mdogo zaidi, wa juujuu tu, nyota ikabaki.

Simlaumu sana mtangazaji, maana jina lenyewe ni la uongo. Novemba 1572, mwanaastronomia Tycho Brahe wa Denmark aliona nyota kali katika kundi la nyota la Kasiopea, mahali alipojua hapana kitu. Iling'aa hadi ikaonekana mchana. Mwaka uliofuata akaiandikia kitabu kwa Kilatini, akaiita nova stella, nyota mpya. Mpya machoni pake! Ilikuwapo miaka yote, ila hafifu mno kuonekana, naye aliikuta ikikata roho. Miaka ya 1930 wanaastronomia Walter Baade na Fritz Zwicky wakabandika "super" mbele ili kuitenga milipuko mikubwa zaidi. Huo "upya" hakuna aliyeugusa.

Asteroidi nayo ina jina la kuazima: William Herschel aliitoa kwenye Kigiriki mwaka 1802, "mfano wa nyota", kwa kuwa darubini yake ilimwonyesha nukta tu. Ni mwamba unaoizunguka Jua.

Aliyezijua zote mbili ni Paul Wild, Mswisi aliyewahi kufanya kazi na Zwicky kule California. Katika kituo cha Zimmerwald, karibu na Bern, alipiga anga picha kwenye mabamba ya kioo, kisha akalinganisha la usiku huo na la zamani. Nukta iliyozidi ndani ya galaksi, yaani mkusanyiko mkubwa wa nyota, huenda ni supanova. Kimstari kifupi ni asteroidi, imesogea bamba likiwa bado linapokea mwanga. Alipata supanova zaidi ya 40 na asteroidi zaidi ya 90; mojawapo, ya mwaka 1973, inaitwa Einstein.

Kwa hiyo, ndugu mtangazaji, huyo kijana mwite chipukizi. Supanova mwekee hadi mechi yake ya kuagwa, nayo awe amefunga matatu.