Je, wajua kwa nini maji hujiviringa juu ya gari lililopakwa nta?

Chukua jani la mgimbi, lile pana kama sinia, ulimwagie maji kiganja kimoja. Halilowi. Maji yanakusanyika kuwa matone ya mviringo yanayometa kama shanga za fedha, na ukiliinamisha jani kidogo tu, matone yote yanateremka huku yamebeba vumbi lililokuwa juu yake. Aliyekulia kwenye migimbi, awe wa Kilimanjaro au wa Murang'a wanakoyaita nduma, ameuchezea mchezo huo utotoni. Boneti ya gari lililopakwa nta hufanya vivyo hivyo siku ya mvua, na sababu ni ileile: jani la mgimbi nalo limepakwa nta, ila limejipaka lenyewe.

Molekuli za maji huvutana. Zikitua juu ya kitu kinachozivuta kwa nguvu, kama kioo kilichooshwa vizuri, hutandaa na kukishika. Zikitua juu ya nta hazipati cha kushika, basi hurudi kushikana zenyewe kwa zenyewe, na umbo linalokusanya maji kwa uso mdogo kuliko yote ni la mviringo. Mgimbi una ziada nyingine: jani lake lina vinundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na tone hukaa juu ya ncha za vinundu hivyo huku hewa imebaki chini yake. Boneti haina vinundu. Ndiyo maana tone la kwenye gari huwa limebonyea chini kidogo, halifikii kuwa gololi kamili.

Matone hayo yanapendeza, na wauzaji wa nta huyapiga picha kila siku. Lakini kazi yenyewe ya nta iko kwingine, na ili kuielewa inabidi tuiangalie rangi ya gari kwa karibu.

Rangi ya gari la kisasa ina matabaka. Juu ya bati kuna tabaka la kuzuia kutu, kisha praima, kisha rangi yenyewe unayoiona, na juu kabisa tabaka lisilo na rangi ambalo mafundi wetu huliita klia. Yote kwa pamoja huwa na unene wa mikromita 100 hadi 150 hivi (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na klia peke yake kama 40. Unywele wa mtu una kama 70. Kwa hiyo kitu kinacholipa gari lako mng'ao, na ambacho ndani yake kimechanganywa dawa ya kunyonya miale mikali ya jua isiipaushe rangi, ni chembamba kuliko unywele mmoja wa kichwani mwako. Kikiisha, hakuna cha kukirudisha isipokuwa kupuliza upya.

Nta huja juu ya hapo, na ni nyembamba zaidi: kwa kawaida haifiki hata mikromita moja. Haiongezi klia wala haizuii jua kwa kiasi cha maana. Inachofanya ni kuliwa badala ya klia. Chumvi ya upepo wa bahari, utomvu wa mwembe, moshi wa malori, vyote hukutana na nta kwanza, na nta huisha taratibu wakati klia ingali nzima.

Kwa sisi wa Dar es Salaam adui wa kwanza ana mabawa. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu, walioletwa Zanzibar kutoka India mwishoni mwa karne ya 19, wametapakaa pwani nzima, na ile sehemu nyeupe ya kinyesi chao ni asidi ya yuriki. Ikidondoka kwenye paa la gari saa nne asubuhi, jua la mchana huipasha klia mpaka ilainike kidogo, na asidi hupata nafasi ya kuila. Jioni ukifuta, uchafu unaondoka ila alama inabaki, kama kovu la maji moto. Nimeiona kwenye gari langu mwenyewe: duara lenye kingo zilizochongoka, unalihisi kwa ukucha. Nta haiizuii asidi hiyo moja kwa moja. Inakupa muda, saa chache za ziada, ukiwa na chupa ya maji na kitambaa uiwahi.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Dukani utakutana na mambo matatu: nta ya asili, silanti ambayo ni kinga ya kiwandani, na seramiki, dawa ya maji inayokauka kuwa tabaka gumu juu ya rangi.

Nta ya asili inayosifiwa ni karnauba. Hutoka kwenye mti wa jamii ya minazi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili, katika majimbo ya Piauí, Ceará na Rio Grande do Norte. Huko kuna ukame mrefu, na mti huo hujipaka nta kwenye majani ili maji yake yasipotee. Wakulima hukata majani, huyaanika juani, huyapukuta mpaka yatoe unga, kisha unga huyeyushwa. Ni nta ngumu kama tofali, nayo haiyeyuki mpaka nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi. Ndiyo hiyohiyo inayong'arisha peremende. Kwenye pakiti huandikwa E903.

Mtu anaweza kuuliza: Tabora na Katavi tuna nyuki, kwa nini tusipake nta yetu? Swali zuri. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64, na paa la gari jeusi lililoachwa juani mchana huweza kupita nyuzi 70. Ungeishia na paa linalonata, na vumbi la barabara yote limeganda juu yake. Hata karnauba ya kopo haiko safi, kwa sababu ikiwa safi haipakiki. Huchanganywa na mafuta na nta nyingine laini zaidi, na mchanganyiko huo hulainika mapema kuliko karnauba yenyewe. Kwa hiyo chini ya jua letu nta ya asili hudumu wiki chache tu, labda mwezi mmoja au miwili ukiliegesha gari kivulini.

Silanti hutengenezwa kiwandani, kwa polima ambazo mara nyingi ni za jamii ya silikoni. Nyingi zimewekewa ncha zinazoing'ang'ania rangi, tofauti na nta inayokaa tu juu yake. Joto haliziyeyushi kirahisi, na sabuni haizing'oi upesi. Kopo litakwambia miezi minne hadi sita. Kwa gari linalolala nje na kuoshwa kila wiki, wewe weka hesabu pungufu, na bado litakuwa limeishinda nta mbali.

Ushauri wangu kwa mtu mwenye gari la kazi, linaloshinda juani Kariakoo au Mombasa, ni silanti. Gari jeupe au la fedha hutaona tofauti ya mng'ao hata kidogo. Karnauba mwachie mwenye gari la rangi iliyokolea, jeusi au jekundu la damu ya mzee, mwenye kivuli na anayeifurahia kazi yenyewe, maana kwenye rangi hizo huongeza kina fulani kama cha meza ya mninga iliyopigwa vanishi. Unaweza pia kutumia vyote viwili, mradi silanti itangulie na nta ije juu yake. Ukigeuza, silanti itashika nta badala ya rangi, na nta ikiondoka huondoka nayo. Seramiki hudumu miaka, lakini inataka rangi iliyoondolewa mikwaruzo kwanza na chumba kisicho na vumbi. Usikubali kupakiwa seramiki chini ya mwarobaini.

Kabla ya kopo lolote kuna kuosha, na hapa ndipo rangi nyingi zinapoharibiwa na watu wenye nia njema kabisa. Mlinzi anaamka alfajiri, anachukua kitambaa kikavu na kulifuta gari vumbi ili mwenye gari atoke linang'aa. Vumbi letu limejaa chembe za mchanga, na mchanga ni mgumu kuliko klia mara nyingi. Kila anapofuta, anachora. Lisogeze gari hilo juani, uitazame boneti kwa pembeni, utaona mistari myembamba inayozunguka mwanga wa jua kama utando wa buibui. Inaniuma kila ninapoiona, kwa sababu aliyeifanya alikuwa anatunza. Mweleze kwa upole, mpe ndoo: kwanza maji mengi ya kusukuma vumbi, kisha ndoo moja ya sabuni na nyingine ya kusuuzia sponji, akianzia paa na kushuka chini, magurudumu yawe ya mwisho na yawe na kitambaa chake.

Siku moja kijana mmoja kwenye eneo la kuoshea magari aliniuliza, "Bosi, nikupigie na waksi?" Nikamuuliza amelioshea nini. Akanionyesha sabuni ya unga. Nikamwambia, "Basi leo sawa mdogo wangu, ila kuanzia wiki ijayo tutumie shampuu ya gari." Sabuni ya unga na ya vyombo imetengenezwa kung'oa mafuta, nayo haichagui kati ya mafuta ya samaki na nta yako. Ni nzuri siku unapotaka kuondoa nta ya zamani uanze upya. Ukiitumia kila Jumamosi, unalipia nta na kuimwaga mtaroni.

Gari likikauka, vaa mfuko laini wa mkate mkononi upitishe kwenye boneti. Mfuko huufanya mkono uhisi zaidi. Ukikwaruza kama umepita juu ya chumvi ya mawe, kuna lami, vumbi la breki au manyunyu ya rangi ya jirani aliyepuliza geti lake. Hayo huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiusogeza polepole juu ya maji ya sabuni. Ukipaka nta juu ya uchafu huo umeufungia ndani.

Usidhani polishi na nta ni kitu kimoja. Polishi ina chembe za kusugua: inapunguza klia ili kufuta mikwaruzo, na ile klia ya mikromita 40 hairudi. Ikipigwa na mashine kila miezi mitatu itakwisha. Kujua kama gari la zamani lina klia, sugua polishi kidogo kwa kitambaa cheupe mahali pa kujificha. Kitambaa kikitoka na rangi ya gari, ujue unagusa rangi yenyewe. Na kama klia imeshaanza kubabuka paani, kama ngozi iliyoungua, hakuna nta itakayoiponya. Hiyo ni ya fundi rangi. Gari lililotoka kupulizwa upya gereji nalo lisubiri, angalau siku 30, kwa sababu thina iliyomo ndani inahitaji kutoka. Rangi ya kiwandani huokwa, haina shida hiyo.

Kupaka kwenyewe ni kazi nyepesi. Iwe saa moja asubuhi au jioni, kivulini, na mgongo wa kiganja ukiuweka kwenye boneti usihisi joto. Chota nta ya ukubwa wa sarafu ya shilingi 200 kwa sponji yake, inatosha nusu ya boneti. Paka kipande kwa kipande, nyembamba kiasi cha kuonekana kama pumzi uliyoipuliza kwenye kioo. Wengi hupaka nene wakidhani wanaongeza kinga. Yote inayozidi utaifuta tu, tena kwa jasho. Subiri ikauke ukungu, halafu pitisha kidole. Ikitoka safi na rangi ikang'aa, futa. Ikivutika kama siagi, iache. Pwani, hewa ikiwa na unyevu mwingi, hili huchukua muda mrefu kuliko Dodoma. Kitambaa cha mikrofaiba kikunje mara mbili, utapata pande nane safi za kugeuza, na kikidondoka chini hata mara moja kiweke kando mpaka kifuliwe. Epuka plastiki nyeusi za bampa na pembeni mwa milango: nta huacha weupe usiotoka kirahisi. Silanti nyingi hutaka gari likae kavu saa 12 hadi 24 baada ya kupakwa, kwa hiyo angalia mawingu kwanza.

Kuna watu huogopa kwamba matone ya mviringo yatakuwa lenzi na kuunguza rangi juani. Tone lililokaa juu ya bati bapa hukusanya mwanga mbali chini ya uso wa rangi, haliwezi kuiunguza. Madoa meupe unayoyaona yametokana na maji ya kisima yenye chumvi na chokaa, yaliyokauka yakaacha mzigo wake. Yakiwa mabichi, siki iliyochanganywa na maji huyatoa, kisha suuza vizuri. Baada ya hapo jizoeze kulikausha gari kwa taulo mara tu unapomaliza kuosha.

Masika yakianza, toka nje mvua ikikatika ulitazame gari. Boneti na paa ndivyo huchoka kwanza, kwa sababu jua na joto la injini viko hapo. Milango hufuata baadaye sana. Ukiona matone yamekuwa mapana, yasiyo na umbo, usikimbilie kopo. Osha kwanza kwa shampuu, maana tabaka la uchafu huificha nta iliyo hai. Ulimwagie tena maji. Yakijiviringa, bado una wiki kadhaa. Yakitandaa, paka upya boneti na paa, na milango iache mpaka zamu yake.