Mtoto wa jicho: kabla ya kuwekewa lenzi, sema unataka kuona wapi

Mtu akipangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho huuliza gharama, huuliza kama inauma, huuliza ataruhusiwa lini kuinama na kuosha uso. Lenzi atakayowekewa itaona vizuri umbali gani? Hilo wengi hawaulizi, na ndilo watakaloishi nalo kila siku.

Kwani lenzi mpya si inarudisha macho ya ujana?

Inaondoa ukungu, na hilo ni jambo kubwa. Lakini lenzi uliyozaliwa nayo, iliyo nyuma ya mboni, ilikuwa laini: ilijibinua ukitazama karibu, ikajilaza ukitazama mbali. Kuanzia miaka 40 hivi hukakamaa, ndipo mtu anaanza kunyoosha mkono ili asome ujumbe wa simu. Mtoto wa jicho ni lenzi hiyohiyo ikipoteza uangavu. Daktari huitoa na kuweka ya bandia, kazi iliyoanzishwa na Harold Ridley huko London mwaka 1949. Lenzi ya kawaida, ambayo ndiyo wengi huwekewa, haijibinui. Ina umbali mmoja inaouona vizuri zaidi. Kwingineko utahitaji miwani.

Umbali wenyewe ni upi?

Kuna mbali, yaani mita kadhaa na kuendelea: kusoma "Mbagala – Kariakoo" kwenye paji la daladala kabla haijakupita. Kuna wa kati, sentimita 60 hadi 80: kompyuta, sufuria jikoni, bidhaa juu ya meza ya genge. Na kuna karibu, sentimita 35 hadi 40: msahafu au Biblia, kutunga uzi kwenye sindano, kuchambua mchele, kutoa miiba ya samaki.

Sasa nichague upi?

Wengi hupangiwa mbali, wakavaa miwani ya kusomea. Kwa dereva wa bajaji sina neno. Lakini usikubali kwa mazoea tu. Azima futikamba ya fundi cherehani, kaa kama unavyokaa siku zote, umwambie mtu apime kutoka jichoni hadi kwenye unachokifanya. Fundi wa Kariakoo anayeshinda kwenye cherehani huenda akagundua kwamba maisha yake yako ndani ya nusu mita. Nenda kliniki na namba hiyo.

Wa kuangalia zaidi ni aliyezoea tangu ujana kuona karibu bila miwani na kuvaa miwani ya mbali. Huyu amesoma kitandani bila miwani miaka 40. Ukimpangia mbali, ataiona barabara vizuri, kisha jioni atachukua simu na maandishi yote yamevurugika. Nadhani ni haki yake kuambiwa hivyo kabla, si baada. Akichagua karibu, daktari humwachia kama dayopta 2.5 (dayopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi) za kuona karibu; hapo lenzi inaona vizuri sentimita 40, na miwani yake ya mbali inabaki rafiki yake.

Je, jicho moja liwe la mbali na jingine la karibu?

Inawezekana, na wapo wanaolifurahia. Tofauti huwa ya kiasi, mara nyingi dayopta 1.25 hadi 1.5, na ubongo hujifunza kutumia jicho linalofaa. Wengine hawazoei kabisa, hasa kwenye ngazi na kuendesha usiku. Omba ujaribishwe kwanza kwa lenzi za kuvaa juu ya jicho, iwapo ukungu haujawa mzito.

Na zile lenzi za mbali na karibu kwa pamoja?

Zipo, na bei yake ni kubwa. Zinagawa mwanga, hivyo usiku taa za magari Barabara ya Morogoro zinaweza kuonekana zina duara la mng'ao. Kwa mwenye presha ya macho, au retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) iliyoathiriwa na kisukari, kwa kawaida hazishauriwi.

Daktari anajuaje namba ya lenzi?

Hupima mviringo wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma, ambao kwa wengi ni milimita 23 hadi 24. Kosa la milimita 1 huweza kuleta kosa la dayopta zaidi ya 2, kwa hiyo tulia kwenye mashine, na kama huvaa lenzi za juu ya jicho, uliza uache kuzivaa siku ngapi kabla ya kipimo. Hata kipimo kizuri hukosea kidogo. Ndiyo sababu miwani hupimwa wiki 4 hadi 6 baadaye. Lenzi iliyokwisha kuwekwa inaweza kubadilishwa, ila ni upasuaji mwingine wenye hatari zake.

Mama yangu hajui kusoma. Si tumchagulie mbali tu?

Muulizeni yeye. Watoto huwa wepesi kuwaamulia wazazi, kumbe mama huyo ndiye anayechambua mchele wa nyumba nzima, anasuka wajukuu nywele, na anatambua noti sokoni kwa kuisogeza usoni. Huenda kuona mbali ndiko anakokutaka kweli, ili amjue anayepiga hodi getini. Mkalie jikoni siku moja kabla ya kwenda Muhimbili, CCBRT au kliniki yoyote ya macho, uone mikono yake inafanya nini. Na futikamba uwe nayo.